Mgongo kwa jukwaa: siku yangu ya drafti Detroit

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi kwenye drafti ya 2024 ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, siku ambazo timu huchagua wachezaji wapya, swali la kwanza ni moja: ulimwona nani? Nilimwona mzee mmoja mwenye daftari. Mlinzi wa mbele ya jukwaa kazi yake ni kuwatazama watu, siyo kile wanachokitazama. Hii hapa basi Alhamisi yangu ya tarehe 25 Aprili, kwa saa za Kiswahili, maana Marekani nimeshazoea mengi ila kuiita saa moja asubuhi "saa saba" bado kunanishinda.

Saa kumi na mbili asubuhi

Chai ya rangi, maandazi ya juzi nimeyapasha. Ninayeishi naye ni Mkongo wa Bukavu, na mwezi wa nne ukifika hadithi yake ni ileile: kwamba kwao walishatoa mtu. Anamsema Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, akacheza Chuo Kikuu cha Michigan, jimbo hilihili la Detroit, na mwaka 1996 akachukuliwa na timu ya Carolina akiwa wa nane kuchaguliwa. Wa nane kwa nchi nzima! Namwambia Kinshasa na Bukavu ni mbali kuliko Tanga na Kigali. Haambiliki. Nimefunga kamba za viatu nikatoka.

Saa tatu

Kuripoti. Tumepewa vizibao, redio za mkononi na maelekezo ya nusu saa: begi liwe la plastiki angavu, chupa za vioo hapana, miavuli hapana. Jukwaa limejengwa katikati ya mji, eneo la Campus Martius, na uwanja wa sherehe unateremka hadi Hart Plaza, mtoni. Ng'ambo ya mto ni Kanada, unaziona nyumba zao. Jua lipo, ila ni lile jua la picha. Upepo wa mtoni unapita kwenye kola.

Saa sita mchana

Mageti yamefunguliwa. Hapa sina la kusimulia. Mikono, mabegi, mifuko, "samahani kaka, fungua hiyo zipu". Jezi za buluu za Lions, timu ya hapa Detroit, haziishi, na mgongoni mwa nyingi ni namba 20 ya Barry Sanders, nyota wao wa zamani, aliyestaafu kabla wengi wa wavaaji hawajazaliwa. Wapo wa Chicago pia, wanapita wakizomewa huku wanacheka.

Saa kumi jioni

Mapumziko, nusu saa. Tanga ni saa tano usiku na dogo hajalala.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Majina yametoka?"

"Bado. Wanasema wiki ijayo."

Ni mwalimu wa hesabu, amemaliza chuo, anasubiri ajira. Akaniuliza hiyo shughuli ya leo ni mechi gani. Nikamwambia siyo mechi. Ni vijana wa vyuo vikuu wanagawanywa kwa timu za kulipwa. Timu 32 zinachagua kwa zamu, raundi saba, siku tatu, majina 257. Na aliyeburuza mkia msimu uliopita ndiye anayetangulia kuchagua.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Yaani aliyeburuza mkia hashuki daraja?"

"Hashuki. Anapewa chaguo la kwanza."

"Sasa si watafungwa makusudi?"

Dogo ana akili. Nikamweleza ya mwaka huu, ambayo ni vichekesho zaidi. Mkiani walikuwa Carolina, lakini chaguo lao walishaliuza kwa Chicago mwaka 2023 ili wampate kijana mmoja, Bryce Young. Wamefungwa mechi 15 kati ya 17, na faida ya kufungwa kwao inaliwa na jirani.

"Na mchezaji? Anachagua timu?"

"Hachagui. Anasikia jina lake, anavaa kofia aliyopewa, anaenda."

"Kumbe ni kama sisi," akasema. "Wanapangiwa kituo."

Nimeishi nchi hii miaka saba, nimesikia drafti ikifafanuliwa na watu wenye suti kwenye televisheni, na hakuna aliyeielezea hivyo. Wanapangiwa kituo. Mimi nilipoajiriwa ualimu nilipangiwa Kibondo. Mtoto wa Tanga, sijawahi kuvuka Dodoma, barua inasema niripoti shule fulani ndani ya siku 14. Mama alifunga sanduku akaweka na nazi tatu, eti huko hakuna. Pesa ya kujikimu ilinikuta nimeshamaliza muhula wa kwanza nikila kwa mkopo dukani. Tofauti ipo, najua: atakayetajwa wa kwanza leo atasaini mkataba wa miaka minne wa takriban dola milioni 39, na kiwango hicho hakitokani na ujanja wake wa kujadiliana, kinafuata namba aliyochaguliwa. Hata hivyo kituo ni kituo. Kuna waliopangiwa Green Bay, kule kaskazini kwenye barafu, na Januari ya huko siyo mchezo.

Saa moja jioni

Nimehamishiwa kizuizi cha mbele. Redioni amri imeshapita: eneo limejaa, msiingize mtu. Siku hiyo moja waliingia zaidi ya 275,000, na kwa siku zote tatu zaidi ya 775,000, rekodi ya drafti hadi wakati huo.

Mbele yangu kabisa, kifua chake kwenye chuma, ndiyo yule mzee. Miwani, kofia ya Lions iliyopauka, daftari la kurasa zenye mistari, penseli. Amejaza majina 32 kwa mkono, timu kushoto, mchezaji kulia, utabiri wake. Mwandiko wa mtu aliyewahi kuandika ubaoni. Nikamuuliza: mwalimu? Ndiyo, sekondari, amestaafu. Tukapeana mikono juu ya kizuizi, walimu wawili, mmoja kwenye kizibao.

Ndiye aliyeniambia drafti ya kwanza ilifanyika hotelini Philadelphia mwaka 1936, majina 90 yameandikwa ubaoni, na wa kwanza kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Alipangiwa, hakuripoti. Nilicheka hadi mwenzangu wa pembeni akageuka.

Saa mbili usiku

Nyuma yangu mji umelipuka. Kamishna wa ligi, Roger Goodell, huzomewa kila mwaka, ni desturi, lakini safari hii kuzomea kukageuka vifijo ghafla. Mzee akanitupia jina kama anayemhurumia kipofu: "Eminem." Kumbe kamishna ametoka na yule rapa wa Detroit.

Kuanzia hapo drafti nikaisoma kwenye penseli. Caleb Williams, Chicago: vema moja, huku watu wakizomea. Jayden Daniels, Washington: vema. Drake Maye, New England: vema. Makota-beki, wale wanaorusha mpira na kuongoza mashambulizi, watatu mfululizo, mzee anatabasamu kama mtahini. Akafika wa nane, Atlanta. Timu hiyo mwezi Machi tu ilikuwa imemsaini Kirk Cousins, kota-beki, kwa mkataba wa hadi dola milioni 180. Nani angewaza watachukua kota-beki mwingine? Likatajwa jina la Michael Penix. Umati ukavuta pumzi kwa pamoja, nikaisikia hadi kisogoni. Mzee hakukata mstari. Aliweka penseli nyuma ya sikio na kulitazama daftari kama mwanafunzi wake bora ameleta karatasi tupu.

Wa kumi alikuwa J.J. McCarthy, aliyetwaa ubingwa wa vyuo na Michigan Januari hiyohiyo, akaenda Minnesota, mahasimu wa Lions. Kijana wa nyumbani amepangiwa kwa adui. Nyuso zilinichekesha: mdomo unaanza shangwe, unamalizia kuzomea.

Miguu sasa haiko yangu.

Inakaribia saa tano

Lions walikuwa na chaguo la 29. Ikatangazwa wamebadilishana na Dallas, wanapanda hadi la 24. Nadhani Kanada walisikia. Ni lazima ujue hawa watu wametoka wapi: mwaka 2008 timu yao ilicheza mechi 16 ikafungwa zote 16. Ndipo 2009 wakapata chaguo la kwanza, wakamchukua Matthew Stafford, ambaye ubingwa alikuja kuupata akiwa Los Angeles. Na Januari 2024 walibakiza mechi moja tu kuingia Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa na San Francisco 34 kwa 31.

Terrion Arnold, beki kutoka Alabama. Mzee akanishika bega kwa mikono miwili, jambo ambalo kwa sheria nilipaswa kulizuia. Sikulizuia. Daftari likamponyoka likaangukia upande wangu wa kizuizi, nikaliokota. Arnold hakuwa kwenye mstari wa Lions wala mstari wa karibu. Nilimrudishia, akauliza kama nimeona ni nani ametoka jukwaani kumpokea.

Nikamwambia sijaona.

Saa sita usiku

Raundi ya kwanza imekwisha. Mzee amehesabu mara mbili: amepatia saba kati ya 32. Akaandika 7/32 pembeni, akazungushia duara, kwa mazoea nadhani. Akaniuliza kesho naanza zamu saa ngapi, raundi ya pili anakuja na daftari jipya.

Wa Bukavu amenisubiri garini, hita imewashwa. Nikamtumia dogo ujumbe: wa kwanza kapangiwa Chicago. Kwao kumekucha, akajibu palepale: *Kuna nyumba ya mwalimu?*