Hilo la biashara

"Sawa, dada," mdogo wangu Ndeshi aliniambia, akalirudisha koti kwenye henga. Hakununa. Alipandisha zipu mpaka shingoni, akalinyoosha mabega kama ninavyofanya mimi, akalitundika palepale alipolitoa. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, soko la mitumba la Memorial hapa Moshi limefurika watu. Leo ni Ijumaa usiku na ile "sawa" bado ninaisikia.

Mnajua habari ya nafasi aliyopata: stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka 3, Makete, mkoani Njombe. Dirisha la kuthibitisha linafungwa Jumatatu. Mama anasema ni mbali. Baba hasemi kitu. Mimi ndiye ninayeshikilia aende. Wiki iliyopita nilimweleza habari za baridi mpaka akaanza kunikwepa. Halafu siku aliyokuja mwenyewe mezani kwangu bila kuitwa, akachagua koti zito kuliko yote, akaingiza mkono mmoja tu, nikamwambia, "Weka hapo, hilo la biashara."

"Sawa, dada. Makete kwenyewe si Kibo."

Basi. Akaniuliza kama nimekula, akaenda kuniletea chai.

Jumatano tumemzika babu wa Kirua, Alhamisi kikoba kimegawana, na katikati ya yote hayo nilikuwa narudia maneno yangu mwenyewe. Mara nasikia "Makete si Kibo" kama mtu anayenituliza nisijisikie vibaya. Mara nasikia mtu aliyekwisha kuamua kwamba haendi, kwa hiyo koti la nini. Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Mpagazi anayepanda Kilimanjaro Jumapili alikuwa amesimama pale, bei ameshataja, nikajibu kama muuzaji. Kinachoniuma ni kwamba jibu la kweli nilikuwa nalo, na lingemfaa: koti lile halifai Makete.

Lile ni koti la manyoya ya bata. Joto lake linatokana na hewa inayokaa katikati ya manyoya yakiwa yamevimba. Juu mlimani, penye baridi kali na hewa kavu, silijui linaloshinda hilo. Likilowa, manyoya yanashikana mabonge, hewa inatoka, unabaki umevaa mfuko wa maji. Na Makete kuna maji. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na ukungu unashuka mpaka madirishani. Koti la namna hiyo bila jua linachukua siku kadhaa kukauka, na lisipokauka sawasawa linanuka.

Anachohitaji ni nguo tatu zinazovaliwa moja juu ya nyingine. Ya ndani ni fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo mwilini, kwa hiyo ukipanda kilima haraka kwenda wodini, kisha ukasimama zamu, ndipo unapoanza kutetemeka. Ya katikati ni flizi, ile nguo laini yenye vinyweleo, au sweta ya sufu. Sufu hata ikipata unyevu bado inatunza joto. Ya nje ni koti jepesi la mvua lenye kofia, mishono yake imezibwa kwa utepe upande wa ndani. Huo utepe uangalieni kabla ya rangi, kabla ya zipu. Ukiona umeanza kubanduka, koti litavuja mabegani hata kama kitambaa ni kizima. Halafu dondosha maji begani. Yakitiririka kama kwenye jani la gimbi, chukua. Yakizama na kuacha doa, rudisha, hata kama wanakuuzia kwa bei ya fulana.

Soksi za sufu jozi moja nene, na kiatu chenye nafasi ya kuchezesha vidole. Watu wanavaa jozi tatu ndani ya kiatu kilekile, damu inabanwa, miguu inazidi kuwa ya baridi, wanaongeza ya nne. Mzula wa kufunika masikio. Gambuti kwa ajili ya tope.

Na hapo kwenye Kibo. Ni kweli Makete si Kibo kileleni, ila si Pasua wala Majengo za hapa Moshi pia. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na kibanda cha Mandara, wageni wa njia ya Marangu wanapolala usiku wa kwanza, kiko kama mita 2,700. Chuo kiko chini kidogo ya uwanda, lakini bado ni zaidi ya mita 2,000, na sisi hapa mjini hatufiki 1,000. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kama nyuzi 6. Juni mpaka Agosti kule sakitu inaangukia viazi, asubuhi majani yamekuwa meupe. Mtoto aliyekulia Moshi mjini hajawahi kuamka na baridi ya namna hiyo miezi mitatu mfululizo, na kumwambia "utazoea" si kumsaidia.

Leo asubuhi nimefungua belo jipya. Karibu na chini nikakuta flizi ya kijani, saizi yake kabisa, zipu nzima, viwiko havijalika. Nikaiweka kando kabla sijaita bei. Nimeifua kwa maji ya vuguvugu, nikaianika, pasi sikuigusa, maana flizi ni plastiki, inayeyuka. Jioni nimempelekea pamoja na koti la mvua, mzula na soksi jozi nne. Nikamwambia yote ya manyoya ya bata, neno kwa neno, kama nilivyopaswa kumwambia Jumanne.

Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akavaa flizi juu ya gauni, akaendelea kumenya.

"Na usiku, dada?"

Nikamwambia baridi ya usiku inatoka chini kuliko juu. Ukiwa na mablanketi mawili, moja litandike juu ya godoro ulilalie, la pili ujifunike. Maji yachemshwe, yaachwe kidogo, yatiwe kwenye chupa ya mpira robo tatu, hewa ikamuliwe nje kabla ya kufunga kizibo, chupa izungushiwe kitenge, iwekwe miguuni. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama limebaki majivu mekundu tu, hata kama wenzake wote wanafanya hivyo. Nilikuwa najiandaa kueleza kwa nini, akaniwahi.

"Ile gesi haina harufu. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unapata usingizi, huamki."

Alisema bila kuinua macho kwenye ndizi. Mama akaacha kukoroga. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilisahau koti.

Kisha maswali yakafuatana. Chupa ya mpira inapasuka? Inapasuka ikiwa ya zamani na ukitia maji yanayotokota, kwa hiyo kila baada ya miaka miwili nunua nyingine. Sare nyeupe zishonwe ngapi? Tatu, kwa sababu wakati wa ukungu ya kwanza itakuwa bado kwenye kamba wakati ya pili imechafuka. Gari linapita wapi? Arusha, Babati, Dodoma, Iringa, Makambako, Njombe, kisha Makete. Ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo asipange kufika siku moja, alale Makambako au Njombe. Flizi na mzula akae navyo mapajani, visiende kwenye buti la basi. Baridi inaanza Iringa, na usiku hakuna kondakta atakayekufungulia buti.

Hajathibitisha. Nilitamani kumuuliza nikajizuia. Nimemwambia tu jambo ambalo sijawahi kumwambia mama: kwenye hospitali kubwa ya mjini wanafunzi wanajazana kuzunguka kitanda kimoja cha mgonjwa, wa nyuma anaona migongo ya wenzake. Kwenye hospitali ndogo ya kijijini, usiku mama mjamzito akiletwa, wewe ndiye unayeshika taa, na mkunga akikuamini, unashika mtoto.

"Sawa, dada," akasema. Hii ya leo nimeshindwa kuifananisha na ile ya Jumanne. Flizi hakuivua hata wakati wa kula.

Nilikuwa nataka kulala, shangazi amepiga simu kutoka Kibosho. Ng'ombe amekataa majani tangu mchana na ubavu wa kushoto umevimba, ukiugonga unalia kama ngoma. Nimemwambia amsimamishe penye mteremko, miguu ya mbele ikae juu, asimlaze, asimpe chochote, na amtafute daktari wa mifugo usiku huuhuu. Daktari hapokei. Nimejaribu mara nne.