Tuliacha kuomba jengo, tukaomba saa

Ukianza kuibana serikali iongeze makazi ya watu wenye ulemavu katika jamii, utapewa ushauri mmoja na kila unayekutana naye: ombeni jengo. Jengo linaonekana, lina jiwe la msingi, kiongozi atalikubali upesi kwa sababu atapiga picha mbele yake. Sisi tuliambiwa hivyo na watu waliokaa serikalini miaka mingi, tukawaamini. Ushauri ule ulitupotezea karibu miaka miwili, na mpaka leo nikiusikia ukitolewa kwa kikundi kingine nakereka.

Ombi letu la kwanza lilikuwa na saini za kutosha na sentensi moja iliyotuangusha: tuliomba "makazi zaidi kwa ajili ya watu wenye ulemavu". Tukakubaliwa. Mchoro uliorudi ulikuwa wa jengo moja la vitanda 40, jiko moja kuu, ukumbi mmoja wa kulia, uzio, na lango lenye kibanda cha mlinzi. Kwa ufundi haukuwa na kasoro. Njia za mteremko zilikuwa na uwiano wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita 10 za kupanda zina sentimita 120 za urefu. Milango ilikuwa na upana wa sentimita 90, na kila choo kilikuwa na duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti cha magurudumu. Kilichonisimamisha ni kitu kidogo. Nilitafuta katika kila chumba mahali ambapo mkazi angeweza kuweka birika lake achemshe chai saa anayotaka yeye. Hapakuwa na mahali. Nikatafuta kwenye orodha ya vifaa kufuli za milango ya vyumba, hazikuwemo. Funguo zote zilikuwa za ofisi.

Hapo ndipo tulipochukua Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 na kuusoma kama fundi anavyosoma vipimo. Ibara ya 19 ina sehemu tatu: mtu kuchagua aishi wapi na na nani; kupata usaidizi anaouhitaji, ukiwemo msaidizi binafsi; na huduma za kawaida za jamii kumfikia sawa na wengine. Kamati inayosimamia Mkataba ilitoa Maoni ya Jumla Namba 5 mwaka 2017, na humo imeorodhesha dalili za taasisi: kulazimika kushirikiana wasaidizi, kutochagua unayeishi naye, ratiba isiyobadilika hata mtu akitaka vingine, kufanya shughuli zilezile mahali palepale chini ya usimamizi mmoja. Ukubwa wa jengo hauliokoi. Maoni hayo yanasema wazi kwamba hata nyumba ya watu watano hadi wanane, au hata ya mtu mmoja, inabaki kuwa taasisi ikiwa na dalili hizo. Tuliuweka mchoro mezani, tukazipitia dalili moja moja kwa kalamu nyekundu.

Kukataa kitu ulichokiomba ni kazi ngumu kuliko kukiomba. Maofisa walisema, na walikuwa na haki kusema, "Mliomba, tumewapa." Ndiyo maana siku hizi simruhusu mtu aandike neno "makazi" peke yake kwenye waraka wowote. Ombi letu jipya lilikuwa na mistari mitatu inayojitegemea: nyumba za kawaida zilizotawanyika katika mitaa ya kawaida, marekebisho ya nyumba hizo, na saa za usaidizi. Mstari wa tatu ndio uliobeba yote, na ndio ambao serikali nyingi huusahau, kwa kuwa nyumba huingia kwenye matumizi ya maendeleo lakini mshahara wa msaidizi ni matumizi ya kawaida, kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Nyumba ikimalizika kabla ya mstari huo kupata fedha, mtu anakabidhiwa ufunguo bila mkono wa kumtoa kitandani. Mwezi wa pili familia inamrudisha, na ofisi inaandika kwamba "hakuweza kuishi mwenyewe".

Saa tulizihesabu hivi. Wiki ina saa 168. Tulikaa na kila mtu, na kila mmoja akataja siku yake kuanzia kuamka. Mtu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu na asiyeweza kujigeuza kitandani alihitaji dakika 90 asubuhi, 45 mchana, 75 jioni, na kugeuzwa mara mbili usiku, dakika 15 kila mara. Jumla saa 4 kwa siku, 28 kwa wiki. Ongeza saa 12 za kumsindikiza kazini, kliniki, kwa marafiki: ni 40. Lakini dakika 30 za usiku hazipatikani bila mtu aliyelala jirani, kwa hiyo kuna saa 56 za kuwepo usiku kwa wiki, nane kila usiku, na ndani yake kazi halisi ni saa 3 na nusu tu. Zinazobaki, 52 na nusu, ni za kusubiri, na lazima zilipwe. Hapa majirani wawili wanaweza kukubaliana kutumia msaidizi mmoja wa usiku, ili mradi wamekubaliana wenyewe.

Hesabu iliyomgeuza mtu wa hazina ilikuwa fupi zaidi. Nafasi moja ya kazi inayotakiwa kuwa na mtu saa zote, mchana na usiku, inahitaji saa 168 kwa wiki. Mfanyakazi anafanya 40. Gawanya: 4.2. Ukiweka likizo, ugonjwa na mafunzo, ni watu watano. Bajeti za namna hii mara nyingi huandikwa watu wawili, na matokeo yake yanajulikana: msaidizi anaunganisha zamu, anachoka, anaacha kazi, na mtu mzima analazwa saa moja jioni kwa sababu zamu inaisha saa mbili. Mtu wa hazina alichukua kikokotoo chake akarudia hesabu mara mbili. Hakubisha tena.

Usiende kwake na hoja kwamba maisha ya jamii ni nafuu kwa kila mtu. Kwa wengi gharama inalingana au inapungua; kwa anayehitaji usaidizi wa saa nyingi inaweza kupanda, na ukificha hilo litagunduliwa, kisha hutaaminiwa hata kwa yaliyo kweli. Sema pia mapema kwamba kwa muda serikali italipa mara mbili: taasisi bado ina wakazi, na huduma za jamii zimeshaanza. Fedha za kipindi hicho zikikosekana, mpango unakwama katikati. Italia ilizuia watu wapya kuingizwa katika hospitali kubwa za magonjwa ya akili kwa Sheria Namba 180 ya mwaka 1978, lakini huduma za jamii zilikua kwa kasi tofauti kati ya mkoa na mkoa, na mahali pengi mzigo ukawaangukia ndugu.

Takwimu za sensa zitakusaidia kufungua mlango tu. Maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, kundi la takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, yanahesabu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Hayakuambii saa ngapi za usaidizi zinahitajika, na ulemavu wa kisaikolojia hayaukamati vizuri. Tafuta makundi matatu: walio ndani ya taasisi, walioruhusiwa hospitali lakini hawana pa kwenda, na wanaotunzwa na wazazi waliopita miaka 60. La mwisho ndilo ambalo wabunge hulielewa mara moja.

Kuhusu muda: siku bajeti inaposomwa bungeni umeshachelewa. Fika kabla wizara hazijapewa ukomo wa fedha, wakati mwongozo wa bajeti unaandaliwa. Mbele ya kamati, wazungumze wenye ulemavu wenyewe. Ibara ya 4(3) ya Mkataba inaitaka serikali ishauriane nao kwa karibu. Omba kwa maandishi, mapema, muda wa ziada kwa anayetumia ubao wa mawasiliano. Dakika 10 za kawaida kwake ni sentensi nne.

Mkataba wa pango uandikwe kwa jina la mkazi, na uwe mbali kabisa na mkataba wa huduma. Shirika likiwa mwenye nyumba na pia mwajiri wa wasaidizi, mkazi anayemlalamikia msaidizi anahatarisha paa lake, kwa hiyo hatalalamika. Ofisi ikidai mkazi hawezi kusaini kwa sababu ya ulemavu wa akili, jibu ni Ibara ya 12: apewe usaidizi wa kuelewa na kuamua, asiondolewe haki ya kuamua.

Dai tarehe. Uswidi iliweka katika sheria ya mwaka 1997 kwamba taasisi zake za watu wenye ulemavu wa akili zifungwe kufikia mwisho wa 1999. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu katika shauri la Olmstead, 1999, ilisema kumtenga mtu katika taasisi bila sababu ni ubaguzi, ikataja mpango unaofanya kazi na orodha ya kusubiri inayosogea kwa kasi inayokubalika. Neno "inayosogea" tulilichukua kama lilivyo. Orodha yetu ina tarehe ya kila jina kuingia na kutoka.

Fungu lilipopita tulishusha pumzi, kisha tukaomba namba tatu kila baada ya miezi mitatu: mikataba ya pango iliyosainiwa na wakazi wenyewe, saa za usaidizi zilizolipwa, na watu waliorudi kwenye taasisi. Mbili za kwanza hutolewa bila shida. Ya tatu huchelewa, nasi huifuata ofisini kwa barua, kwa sababu kila anayerudi ana saa fulani ya siku ambayo msaidizi hakufika, na saa hiyo ndiyo tunayoiandika kwenye ombi la mwaka unaofuata.