Kuku wa kwa Khan, jioni ya leo

Nimetoka Moshi saa tisa, kilomita 80 tumbo tupu. Nilishajiapiza: leo silali bila kuku wa kwa Khan.

Kwa asiyeijua Arusha: mchana pale ni duka la vipuri vya magari. Jua likizama majiko yanatolewa nje, mkaa unawashwa, na harufu inakupokea kabla hujakata kona.

Kibaridi cha Arusha mnakijua.
Nikasogea jikoni kuota moto, namtazama mchomaji. Tone la mafuta likidondoka, mkaa unalia chwaa! Moshi unapanda, anapepea, anageuza tena. Hana haraka hata kidogo.

Sahani ikaja: kuku, mishkaki, naan ya moto, kachumbari.
Nikamega naan, nikakwangulia ile rojorojo iliyobaki chini ya kuku, ina pilipili na ndimu kwa mbali.

Nikanyamaza. Mdogo wangu ananiongelesha, simsikii.

Chipsi mayai, yaani zege, naipenda, ndiyo iliyonilea chuoni. Ila kuku huyu, jamani!

Wana Arusha na Moshi, nyie mnakula wapi? Nielekezeni, kesho jioni bado nipo mjini.