Usimwambie Mama

Nilikuwa nimejiandaa kuombwa wakili. Nilikuwa nimejiandaa kuombwa dawa, sabuni, nguo za baridi, hata muujiza, maana walionitangulia kazini walishanionya kuwa mfungwa akimwona mtu wa ubalozi kwa mara ya kwanza hudhani mlango umefunguka. Huyu hakuomba hata kimoja. Alikaa, akaweka mikono yote miwili juu ya meza kama askari walivyomzoesha, akasema: "Dada, mama yangu asijue."

Ilikuwa 2017, mwaka wangu wa pili katika kitengo cha kikonseli, kile cha ubalozi kinachohudumia raia wetu walio ugenini, na ndiyo ziara yangu ya kwanza gerezani bila mkubwa wa kuniongoza. Nitamwita Fundi. Jina lake si langu kulitoa.

Kosa aliloshtakiwa nalo nitaliacha pia. Kila ninapokisimulia kisa hiki watu huanza na swali hilo, "Kwani alifanya nini?", kana kwamba jibu ndilo litakaloamua kama alistahili kutembelewa. Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli hakiulizi. Kinasema mgeni akikamatwa aelezwe bila kuchelewa kwamba anaweza kutaka ubalozi wake ujulishwe. Akitaka, ujulishwe bila kuchelewa. Na afisa wa ubalozi ana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumfanyia mpango wa wakili. Mwenye hatia na asiye na hatia wamo humo humo.

Bila kuchelewa! Barua ya kutujulisha habari za Fundi ilitufikia siku ya 41 tangu akamatwe.

Bosi wangu, mzee asiyependa kupaza sauti, aliisoma na kuigonga kwa kidole penye tarehe. Alikuwa na kisa alichotusimulia kila mgeni alipoingia ofisini: Karl na Walter LaGrand, ndugu wawili Wajerumani waliokamatwa Arizona, Marekani, mwaka 1982. Hakuna aliyewaeleza haki hiyo kwa wakati, wakahukumiwa kifo. Ujerumani ilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, Karl alikuwa ameshauawa. Mahakama ikaagiza Walter asiuawe kesi ikiendelea. Akauawa siku ile ile ya agizo, 3 Machi 1999. Mwaka 2001 ndipo Mahakama ilipotamka kwamba haki ya Kifungu cha 36 ni ya mtu mwenyewe pia, si ya nchi yake peke yake. "Hukumu tamu," mzee alikuwa akimalizia, "na wenyewe wamo kaburini."

Basi niliingia gerezani na hasira ya kuazima.

Getini nilipekuliwa, nikaacha simu, mkoba na kalamu, nikapewa penseli fupi isiyozidi kidole. Chumbani kulikuwa na meza, viti viwili na askari aliyesimama karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Fundi akaingizwa. Nikamwambia, "Habari za tangu juzi, kaka," salamu ya kipuuzi kabisa, sijui niliitoa wapi. Kabla hajajibu askari akatukatiza: mzungumze lugha ninayoielewa mimi.

Lugha hiyo Fundi alikuwa nayo maneno kama ishirini, na yote ni amri. Simama. Geuka. Haraka. Nyamaza. Nikamwuliza askari mtu atajieleza vipi kwa maneno hayo. Akasema huo ndio utaratibu. Nikaomba mkuu wa gereza aitwe.

Tukasubiri karibu nusu saa. Tulikatazwa kusema, kwa hiyo tulikaa tukitazamana kama watu waliogombana. Niliona midomo yake ikicheza bila sauti, nikadhani anasali. Baadaye aliniambia alikuwa anapanga maneno. Kwa siku zote hizo hakuwa amezungumza Kiswahili na mtu yeyote, akaogopa ataanza vibaya.

Mkuu alipofika nilimpa nakala ya Kifungu cha 36, na juu yake Kanuni ya 62 ya zile Kanuni za Nelson Mandela kuhusu kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwishoni mwa 2015, isemayo mfungwa wa kigeni apewe nafasi ya kuwasiliana na wawakilishi wa nchi yake. Alizisoma polepole, akanitazama, akazisoma tena. Kisha akamwamuru askari arudi nyuma mpaka mlangoni. Sijawahi kujua kama zilimgusa karatasi zile au alichoka tu na mimi.

Ndipo Fundi akasema yale ya mama.

Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Kwamba habari zake ni zake. Kwamba bila ridhaa yake hatumwambii mtu, awe mzazi, awe mke, awe mwajiri. Kisha nikamwambia lile la pili ambalo wakubwa husisitiza lisicheleweshwe, kwa sababu likichelewa huwa ukatili: "Kaka, mimi siwezi kukutoa humu." Ubalozi haulipi mawakili kutoka mfukoni mwake, hauamrishi hakimu, na mkataba ule ule unaonipa mlango wa kuingia unanitaka niheshimu sheria za nchi iliyonipokea. Ninachoweza ni kukuletea orodha ya mawakili, kuhimiza upate mkalimani, kuuliza kwa nini huna dawa, kukaa mahakamani siku ya kesi ili waone kuna mtu anatazama.

Alitikisa kichwa taratibu. "Mkalimani," akasema. "Angekuwepo siku ya pili." Siku ya pili alipewa karatasi atie saini. Walikuwa wamemvua mkanda, saa na simu muda mfupi kabla, naye akadhani ni orodha ya vitu vyake. Yalikuwa maelezo ya kukiri kosa.

Niliandika mpaka penseli ikawa haina ncha.

Siku tisa baadaye simu ya mezani kwangu ililia.

"Shikamoo, mama," nilisema, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mwanangu mwingine."

Alilitaja jina lote, la baba na la babu. Faili lilikuwa wazi mbele yangu, na picha ya pasipoti ilikuwa inanitazama. Alikuwa amepiga simu hospitali, akapiga kazini kwa mwanawe ambako walimwambia hawamjui, mwisho akawa anauliza vyumba vya maiti kwa msaada wa kijana wa jirani aliyejua lugha kidogo. Alieleza bila kulia, kwa mpangilio, kama mtu aliyerudia maelezo hayo mara nyingi.

Kuna sentensi tuliyopewa kwa ajili ya simu kama hiyo. Niliisema neno kwa neno: "Mama, kwa sheria siruhusiwi kutoa habari za mtu yeyote bila ridhaa yake, tuwe tunamjua au hatumjui."

Kimya. Nilisikia akivuta pumzi.

"Bila ridhaa yake," akarudia. "Maiti haiombwi ridhaa."

Sikujibu. Kukubali ni kuvunja ahadi, na kukanusha kungekuwa kumzika mtoto wake kwa simu. Nilikaa na mkono wa simu sikioni, nikijua kwamba kila sekunde ninayonyamaza inamjibu.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akakata.

Mzee aliniambia sikukosea, nimefuata maelekezo. Nilimshukuru. Lakini sentensi ile ilitungwa ifiche, na kinywani mwangu ilifichua, na nisingeweza kujidanganya kwamba nilisikitika. Nilipotoka ofisini siku ile nilikuwa nimefurahi. Hilo ndilo lililonitisha.

Kwenye ziara ya pili nilimweleza Fundi yote kabla hajakaa vizuri. Nilidhani atanifukuza, na ilikuwa haki yake: mfungwa akimkataa afisa wa ubalozi waziwazi, afisa anaondoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika pale pa maiti aliinamisha kichwa mezani, mabega yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. "Ndiye huyo," alisema. "Ndiye mwenyewe." Halafu kicheko kikageuka.

Kesi yake ilikwenda mwaka na zaidi. Mkalimani alipatikana, karatasi ya siku ya pili ikabishaniwa sana mahakamani, na kifungo kilikuwa kifupi kuliko tulivyohofia lakini kilikuwepo. Kukimalizia nyumbani haikuwezekana. Uko Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 1983 wa kuhamisha wafungwa waliokwisha kuhukumiwa, ila nchi zetu mbili hazikuwa na makubaliano ya namna hiyo baina yao, na nia njema peke yake haipandishi mfungwa ndege.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Siku ile nilitoa fomu ya ridhaa, nikamweleza kwamba si lazima aruhusu yote au akatae yote. Anaweza kutaja mtu mmoja, na kwa mtu huyo akataja nini kisemwe. Kuna nafasi ya mistari minne iliyoandikwa "Taarifa unazoruhusu zitolewe." Alikaa na kipande cha penseli muda mrefu. Askari akatazama saa. Kwenye jina akaandika la mama yake. Kwenye mistari minne akaandika neno moja.

Nilimpigia mama jioni hiyo hiyo. Nikamwambia nimepewa ruhusa ya kumsomea kitu, ni kifupi, na zaidi ya hapo asiniulize.

"Soma."

"Nipo."

Akanyamaza kidogo. "Ameandika mwenyewe, kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, mama."

"Nisomee tena."