Kabla ya kulipia kamusi ya Kiingereza, fungua ukurasa wa hakimiliki

Januari iliyopita mpwa wangu alianza kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na katika orodha ya mahitaji aliyopewa, kati ya ndoo, mashuka na madaftari, kulikuwa na mstari mmoja mfupi: kamusi ya Kiingereza. Orodha haikusema ni kamusi ipi wala ya mwaka gani. "Kwani mjomba, zote si ni sawa tu?" aliniuliza tulipokuwa tukishuka kwenye daladala kuelekea Makoroboi, eneo la maduka jijini Mwanza. Swali hilo nimewahi kulisikia kwa wanafunzi wa chuo wanaoniletea tasnifu zao nizihariri, na pia kwa watu wazima wanaoandika ripoti za miradi ya uvuvi. Naona linastahili jibu la makini, kwa kuwa kamusi ni kitabu ambacho mtu hukinunua mara moja au mbili katika maisha yake, kisha akakiamini bila kukihoji.

Katika duka la kwanza muuzaji alituletea kitabu kinene chenye jalada jekundu linalong'aa, kikiwa bado ndani ya nailoni, akatuhakikishia kwamba ni kipya kabisa. Nilimwomba ruhusa ya kukifungua. Mwishoni mwake kulikuwa na ramani ya Afrika, na pale magharibi yetu, ng'ambo ya Rwanda na Burundi, palikuwa pameandikwa Zaire, jina ambalo nchi hiyo iliacha kulitumia mwaka 1997, miaka mingi kabla mpwa wangu hajazaliwa. Karatasi ilikuwa mpya, wino ulikuwa mpya, lakini yaliyoandikwa yalikuwa ya zamani.

Jalada lilikuwa na jina Webster kwa herufi kubwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Noah Webster alichapisha kamusi yake kubwa Marekani mwaka 1828, na kampuni iliyorithi kazi yake ni Merriam-Webster. Lakini nchini humo jina Webster peke yake linaweza kutumiwa na mchapishaji yeyote, kwa hiyo kuliona juu ya jalada hakukuambii ni nani aliyeitunga kamusi hiyo wala lini. Isitoshe, tahajia ya kamusi za Marekani ni "color" na "center", ilhali shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza, na mtoto anaweza kusahihishwa kwa wino mwekundu kwa neno alilolinakili kwa uaminifu kutoka kwenye kitabu chake mwenyewe.

Kinachosema kweli ni ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Hapo mtu anapaswa kutofautisha mwaka wa toleo na mwaka wa kuchapwa. Toleo ni kazi ya wanaleksikografia, yaani watunga kamusi: maneno yameongezwa, fasili zimeandikwa upya, mifano iliyochakaa imeondolewa. Kuchapwa tena ni kazi ya mtambo tu, ambao unaweza kutoa nakala za maneno yaleyale miaka kumi baadaye. Kamusi ya wanafunzi ya Oxford (yaani ya wanaojifunza Kiingereza kama lugha ngeni), ile ya Oxford Advanced Learner's Dictionary, ilitoka toleo la nane mwaka 2010, la tisa mwaka 2015 na la kumi mwaka 2020. Nakala ya toleo la nane, hata ikiwa imechapwa baadaye sana, itabaki kuwa kamusi ya mwaka 2010, isiyojua Sudan Kusini iliyopata uhuru mwaka 2011, wala Eswatini, wala COVID-19.

Hata hivyo, sidhani kwamba mwanafunzi huumia sana kwa kukosa majina ya vifaa vipya, kwani hayo atayajua mtaani. Upya ninaoujali zaidi ni ule wa kumwonya mtu kuhusu neno ambalo maana yake haijabadilika lakini heshima yake imebadilika. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunalijua jambo hili kwa uchungu. Tulikua tukisikia neno zeruzeru likitamkwa bila mtu kushtuka, na ilibidi damu ya watu wasio na hatia imwagike ndipo wengi wetu tulipojifunza kusema mtu mwenye ualbino, kwa kutambua kwamba jina linaweza kumwondolea mtu utu wake kabla mkono haujamgusa. Kiingereza nacho kina safari kama hiyo. Nimewahi kuhariri tasnifu iliyowaita watu wenye ulemavu "the handicapped" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mwandishi wake, kijana mwenye moyo mwema, alikuwa amelitoa neno hilo katika kamusi ya zamani ya baba yake, ambayo haikuwa na onyo lolote. Kamusi za sasa za wanafunzi huweka lebo kwamba neno hilo limepitwa na wakati na linaweza kuudhi. Kwa mwandishi, lebo hiyo moja ina thamani kuliko maneno mapya mia.

Nimetaja kamusi za wanafunzi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo tofauti kubwa ilipo. Kamusi ya kawaida ya Kiingereza hutungwa kwa ajili ya Mwingereza au Mmarekani ambaye tayari anajua kuliweka neno katika sentensi. Kamusi ya wanafunzi ilianza kwa njia nyingine: A. S. Hornby alikuwa mwalimu nchini Japani, akaona kwamba wanafunzi wake hawakukwama kwenye maana pekee bali kwenye jinsi neno linavyofanya kazi, na kamusi aliyoitunga pamoja na wenzake ikachapishwa Tokyo mwaka 1942 kabla ya Oxford kuitoa mwaka 1948. Longman walifuata mwaka 1978 kwa kamusi iliyofafanua vidahizo vyake, yaani maneno yanayoorodheshwa, kwa kutumia takribani maneno 2,000 tu ya kawaida, ili mtu asilazimike kutafuta neno ndani ya maana ya neno. Mwaka 1987 ikaja COBUILD ya Collins na Chuo Kikuu cha Birmingham, iliyojengwa juu ya kongoo, yaani hazina kubwa ya matini halisi iliyohifadhiwa katika kompyuta, na ambayo hufafanua neno kwa sentensi kamili.

Faida yake kwa msemaji wa Kiswahili ni ya wazi. Sisi tuna kifaa na vifaa, kwa hiyo tunaandika "equipments". Tunapeana mashauri, kwa hiyo tunaandika "advices". Kamusi ya wanafunzi huweka alama pembeni kuonyesha kwamba nomino hizo hazihesabiki, na huonya kwamba baada ya "discuss" haliji "about". Makosa haya matatu peke yake hujaza nusu ya masahihisho yangu ya kila wiki.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili haiwezi kuchukua nafasi hiyo, ingawa naiheshimu na ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya mwaka 1996 iko mezani kwangu hadi leo. Mtoto atakayeangalia "hand" na "arm" atakutana na mkono kote kuwili, na katika mtihani wa Biolojia hayo ni mambo mawili. Aitumie kupata mwanga wa kwanza, kisha ahamie kwenye ile ya Kiingereza tupu.

Wapo watakaosema kwamba simu imemaliza mjadala huu. Ni kweli kwamba Oxford, Cambridge, Longman na Collins wana kamusi za wanafunzi zinazosomwa bure kwenye intaneti, na mwandishi mwenye bando azitumie kila siku, kwa kuwa husasishwa mapema kuliko kitabu. Lakini shule ya bweni hairuhusu simu. Tena Macmillan waliacha kuchapa kamusi zao mwaka 2012 wakisema mustakabali uko mtandaoni, na mwishoni mwa Juni 2023 tovuti yenyewe ikafungwa. Aliyekuwa na nakala ya karatasi bado anayo.

Neno moja kwa waandishi: msibadili "organize" kuwa "organise" kwa kudhani kwamba ya kwanza ni ya Kimarekani tu, Oxford wenyewe huitanguliza ile yenye z. La muhimu ni kuchagua moja na kuifuata hadi mwisho.

Tulizunguka hadi saa tisa alasiri. Toleo la kumi tulilipata, lakini bei yake ilizidi uwezo wetu, tukachukua nakala iliyotumika ya toleo la tisa, yenye majina ya watu wawili ukurasa wa kwanza na mshono ulio imara. Niliikunjua katikati mara mbili kuhakikisha kwamba kurasa hazichomoki, maana mabweni ya kandokando ya ziwa yana unyevu, na gundi peke yake haidumu. Ningelipa zaidi kwa toleo la tisa la Oxford lililotumika kuliko kupewa bure lile jekundu la nailoni.

Kwa walioko Ukerewe au Sengerema, ambao humtuma mtu mjini na kupokea chochote atakacholeta, mwombeni awapigie picha mbili kabla ya kulipa: moja ya ukurasa wa hakimiliki, na nyingine ya ukurasa wenye neno "advice". Kama pembeni ya neno hilo hakuna alama yoyote ya nomino isiyohesabika, arudishe kitabu rafuni.