Mahindi Ambayo Mama Alikataa Kuyauza

Kila mwaka, mahindi yakiwa hayajakauka vizuri, dalali alikuwa ameshafika kwetu. Kijiji chetu kiko upande wa Ugunja, kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, na alitujua boma kwa boma: nani ana mtoto sekondari, nani ana mgonjwa, nani alipanda kwa mbegu ya mkopo. Hakuwa na haja ya kubembeleza mtu. Shule hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, na karo ikidaiwa mahindi lazima yatoke. Basi tuliyauza bei ikiwa chini, kisha Aprili na Mei tukarudi sokoni kununua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, moja moja, pengine mahindi yale yale, kwa bei ya kuumiza.

Nasimulia siku moja ya Agosti 2016 kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema kwamba maskini akipewa pesa bila masharti atazinywa. Mimi niliona zilivyofanya kazi, nikiwa kidato cha tatu, katika nyumba ya baba yangu.

Mwanzoni mwa mwaka huo watu wa shirika moja walipita kijijini wakiandikisha nyumba zilizoezekwa kwa nyasi. Yetu ilikuwa mojawapo. Tungepewa shilingi 87,000 kwa awamu tatu: 7,000 kwanza, 40,000 baadaye, na 40,000 za mwisho baada ya miezi kadhaa. Zingeingia kwa M-Pesa, kwenye simu ya Mama. Hakuna kikundi cha kuunda, hakuna semina, hakuna risiti za kurudisha. Kijiji kilijaa maneno. Wako waliosema ni pesa za shetani na kwamba mtu atatolewa kafara. Huko Homa Bay mwaka uliotangulia familia nyingi zilikuwa zimezikataa pesa za namna hiyo kabisa. Baba naye aliingiwa na hofu, akazunguka kwa wazee kuuliza. Mama alisema shetani angekuja na stakabadhi za kutiwa sahihi.

Zile 40,000 za kwanza zilipoingia Aprili, waliketi usiku na daftari langu la hesabu. Mabati yalitangulia, na hakuna aliyebisha. Watu wa mbali huona mabati ni fahari tu, lakini paa la nyasi ni gharama inayojirudia: nyasi huoza, hununuliwa upya, mtu hulipwa kuezeka. Tena huvuja. Kwetu magunia yalikuwa yakihamishwa usiku wa mvua kutoka kona hadi kona, na bado ya chini yalinuka uvundo. Baada ya mabati Mama akatenga karo yangu ya muhula wa pili na wa tatu, akailipa kwa mkupuo mmoja. Akanunua mbolea ya kukuzia, ambayo miaka mingine tulikuwa tukiitia kwa mistari ya mbele tu, hadi iishe. Kijana wa jirani akapata kibarua cha palizi, kwa hiyo shamba likapaliliwa kwa wakati, si pale magugu yalipokuwa yameshafika magotini.

Tulivuna magunia kumi na mawili. Nyumba yetu haikuwa imewahi kuyaona.

Dalali alikuja asubuhi, na pikipiki yake na gorogoro zake. Ya kununulia ilikuwa nzima na imepanuka mdomo. Ya kuuzia, ambayo tungeiona sokoni Mei, kitako kilikuwa kimebonyezwa ndani. Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai uani. Mama alikuwa amechuchumaa na chupa ya soda. Afisa wa kilimo alikuwa amewafundisha akina mama kupima ukavu kwa chumvi: unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, na ukiyafungia hivyo yataota ukungu wenye sumu. Chumvi ilikuwa imeganda kidogo upande mmoja. Mama aliigeuza chupa juani, akaitazama tena.

"Mama, hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mwanangu. Karibu kiti."

Hakuketi. Alichota mahindi kiganjani, akatafuna punje moja, akatema. "Hayajakauka haya. Lakini nyinyi ni watu wangu, nitawapa elfu mbili kwa gunia, niyabebe leo."

"Leo siuzi."

"Shule zinafunguliwa."

"Karo ilishalipwa."

"Yote?"

"Yote."

Niliona alivyoinua macho juu ya paa. Alielewa mara moja, kwa kuwa kazi yake ni kusoma dhiki ya mtu, na hapa hakuna cha kusoma. Akapanda hadi 2,200. Baba, aliyekuwa amekaa mlangoni kimya, akakohoa. "Elfu mbili na mia mbili si mbaya," akasema. Simlaumu. Maisha yake yote mahindi yalikuwa kitu unachomkabidhi mtu kabla hujadaiwa mbele ya watu.

Mama akamgeukia kwa heshima, bila ukali. "Baba watoto, tukiyauza leo, hizo pesa ni za kufanyia nini?"

Baba alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, akitafuta deni. Mbolea haikuwa ya mkopo. Mbegu hazikuwa za mkopo. Mwalimu hakuwa akimdai. Mwishowe akasema, "Basi mwache aende, arudi baadaye." Dalali akafunga gorogoro zake, akaagana nasi vizuri, akaenda kwenye boma la pili. Huko alipata.

Nimeifikiria ile siku mara nyingi, kwa sababu hakuna mtu aliyetoa hata shilingi. Mahindi yale yale, dalali yule yule, bei ile ile ya kila Agosti. Kilichobadilika ni kwamba Mama angeweza kungoja. Na kungoja kulikuwa kumejengwa kwa vitu vitatu: karo iliyolipwa mapema, paa lisilovuja, na mifuko isiyopitisha hewa aliyoinunua kwa shilingi mia mbili hamsini mmoja, ambayo wadudu wa nafaka, dumuzi na fukusi, hufa ndani yake kwa kukosa hewa. Kama angepewa mbuzi badala ya pesa, kama wafadhili wengi wapendavyo, angemuuza yule mbuzi Agosti hiyo hiyo pamoja na mahindi.

Mvua za vuli hazikuja vizuri. Februari 10, 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Viwavijeshi wapya, ambao hatukuwa tumewahi kuwaona, wakavamia mahindi machanga shambani. Kufikia Mei pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 150, hadi serikali ikaleta unga wa ruzuku wa shilingi 90, na watu wakapanga foleni madukani. Dalali alirudi. Safari hii aliketi. Mama alimuuzia magunia matatu kwa elfu nne moja, yakipimwa kwa gorogoro ya Mama.

Sitaki kumdanganya mtu: si kila mwaka ni kama 2017. Katika mwaka wa kawaida huku magharibi, bei hupanda kama asilimia 25 hadi 40 kutoka mavuno hadi miezi ya njaa. Lakini hata hiyo ni faida ambayo mkulima mwenye deni huiacha imwendee mwingine, kila mwaka.

Jambo moja bado linaniuma. Jirani yetu, mjane, alikuwa na nyumba ya mabati makuukuu yenye kutu ambayo marehemu mumewe aliiezeka zamani. Kwa hiyo hakuandikishwa. Alikuwa na shida kuliko sisi, na kila mtu kijijini alijua hivyo, ila paa lilisema vingine. Kwa miezi alipita kwetu bila kubisha hodi. Watafiti walioufuatilia mpango wa namna hii katika vijiji 653 vya Siaya, ripoti yao ikatoka mwaka 2022, waligundua kwamba kila shilingi iliyotolewa ilizaa karibu shilingi 2.5 za shughuli za kiuchumi katika eneo hilo, na kwamba hata wasiopewa walinufaika, huku bei za vitu zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Nakubali, maana aliyepata kibarua cha palizi kwetu alikuwa mwanawe. Hata hivyo kulipwa kibarua na kupewa chako mkononi ni vitu viwili tofauti, na yule mama aliijua tofauti hiyo vizuri sana.

Njaa ya Mei ilipobana, Mama alimpelekea yule mjane gunia zima, walipane baada ya mavuno, gunia kwa gunia, bila riba. Mwana wa mjane ndiye aliyelibeba kwa toroli, Mama akitembea kando. Walikaa huko hadi giza likaingia.

Magunia mawili alikataa kuyauza, hata Baba alipomwambia kwamba bei haitapanda zaidi ya hapo. Hayo ni ya kula, akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, tulianza kuvuna mahindi mapya tukiwa bado tunasaga ya mwaka uliopita.