Mikono ya Samweli

Somo: 1 Samweli 7:15-17, 12:1-5, 23

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tumtafakari mtu anayetajwa mara chache mimbarini: mkuu wa shule aliyeitumikia jumuiya moja ndogo tangu ujana mpaka mvi. Nikimwaza mtu wa namna hiyo, moyo wangu unakwenda kwa Samweli, nabii na mwamuzi wa Israeli.

Wengi tunampenda Samweli wa utotoni, yule aliyeitwa usiku. Lakini sura ya 7 inaifunga miaka yake ya utu uzima kwa mistari mitatu tu. Kila mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiwaamua watu, kisha akarudi Rama, maana ndiko kulikokuwa na nyumba yake. Basi. Hamna muujiza humo wala vita. Ni njia ileile na mashauri yaleyale, na Mungu aliona vema yaandikwe.

Wanaoijua kazi ya kuongoza shule wataelewa. Mtu mzima anafika ofisini, cheti kimepotea, anadaiwa barua ya uthibitisho ili aajiriwe. Mkuu anaweka kando aliyokuwa akifanya, anafungua kabati, anatoa rejista ya zamani iliyoanza kuchanika. Anapitisha kidole kwenye majina, ukurasa kwa ukurasa, mpaka analipata. Nalo limekosewa herufi moja, halilingani na la kwenye kitambulisho. Anaandika maelezo, anasaini, anagonga muhuri. Kwa yule aliyekuja, huo ni mlango wa riziki. Mimi naiita kazi hiyo ibada, na Wakolosai 3:23 inaniunga mkono: lolote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana.

Ila jumuiya ndogo ina uzito wake. Mzazi uliyemkatalia ombi lake Ijumaa, Jumapili mnakaa benchi moja. Anayetaka mwanawe apendelewe ni ndugu yako wa damu. Ndiyo maana sura ya 12 hunigusa kuliko zote. Mzee Samweli anasimama mbele ya watu, mfalme akiwa amekwisha kupatikana, naye mwenyewe anaomba akaguliwe: nimetwaa ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa kwa nani? Wakamjibu kwamba hakumdhulumu mtu wala hakutwaa kitu mkononi mwa yeyote. Jibu kama hilo huandaliwa miaka mingi kabla ya siku ya kuagwa, kwa kila risiti ya ada na kila nafasi iliyotolewa kwa haki.

Inauma kusoma katika sura ya 8 kwamba wanawe walipokea rushwa. Wako walimu waliolea watoto wa wenzao huku wakibeba majonzi yao nyumbani. Tusiwahukumu.

Tena Waisraeli hao walikuwa wamemwambia Samweli wazi kwamba amezeeka, wanataka mfalme. Samweli hakuwanunia. Katika sura ya 12, mstari wa 23, anasema kwamba akiacha kuwaombea atakuwa amemtenda Bwana dhambi, na kwamba ataendelea kuwafundisha njia iliyo njema. Madaraka yamekwenda kwa mwingine, utumishi haujakoma.

Kama aliyekuongoza shuleni yu hai, wiki hii mpigie simu au umwendee. Mtajie jambo moja hasa alilokutendea, kisha mwombee kwa jina lake. Na anayekalia kiti hicho sasa, tumwombee kwa Bwana ampe mikono safi, na nguvu za kurudi kazini kesho.